Kibumba ilikuwaje shamba la Goma: udongo, baridi, chukudu ao barabara?

MwanaBirere
Salama wote. Ukisimama soko ya Virunga hapa Goma asubuhi na kuuliza shu (kabichi) hizi zimetoka wapi, viazi hivi vimetoka wapi, jibu ni moja: Kibumba. Rusayo iko jirani, Mudja iko jirani, Buhumba iko jirani. Zote ziko ndani ya usultani wa Bukumu, zote zinakaa juu ya majivu ya volkano, zote zina watu wa jembe. Lakini mali ya Kibumba ikikosa siku mbili tu, bei inapanda mjini.
Mimi nadai hivi: si udongo ulioifanya Kibumba kuwa mji wa kulisha Goma. Ni chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa na mtu. Pale kuna mteremko mpaka mlangoni mwa soko, na mtu asiye na lori anashusha mavuno yake mwenyewe. Wanaojua historia ya pale, mnisahihishe.

Puaro
Usiutupe udongo haraka hivyo, ndugu. Lava za volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zina potasi nyingi, na kiazi ni mmea wenye njaa ya potasi kuliko maharagwe ao mahindi. Majivu machanga yanaoza upesi na kutoa chakula. Shida ya udongo ule ni kina. Unapiga jembe mara tatu, ya nne inagonga jiwe. Ndiyo maana mashamba ya Kibumba yamejaa marundo ya mawe katikati na kuta za mawe pembeni. Kila msimu mawe yanakusanywa upya, maana mvua inaosha udongo na kuyafichua mengine. Mmea wa mizizi mirefu unateseka pale. Shu, karoti fupi, puaro (liki) na viazi vinaridhika na sentimeta 25 za udongo.

Mwalimu wa Ramani
Jambo sana. Nyote wawili mnasahau baridi.
Goma iko karibu mita 1,500. Kibumba imekaa kwenye tandiko, upande mmoja Nyiragongo (mita 3,470), upande mwingine Mikeno (4,437) na nyuma yake Karisimbi (4,507). Mawingu yanapita katikati ya milima hiyo na ukungu unalala pale mpaka asubuhi imekomaa. Kiazi kinazaa vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Joto likizidi, mmea unaota majani mazuri na chini hakuna kitu. Shu nayo haifungi kichwa kwenye joto, inabaki imetawanyika kama sombe. Panda shu ileile Kyeshero, hapa mjini, na Kibumba, utaona mwenyewe.
Halafu sahihisho kwa MwanaBirere. Mteremko hauanzi Kibumba. Kibati, pale wapanda mlima walipokuwa wakianzia safari ya Nyiragongo, kuko karibu mita 1,900. Kwa hiyo chukudu inayotoka Kibumba inasukumwa kwanza, inapanda na kushuka vilima vidogo, ndipo mtelezo wa kweli unaanza kuelekea Munigi. Anayefikiri ni kuteleza kilometa zote 25 na zaidi hajaona mabega ya wale vijana.

Fundi Mumba
Mwalimu amesema kweli. Kwa sababu ya ile sehemu ya kusukuma, chukudu ya njia ya Kibumba haitengenezwi sawa na ile ya kubebea mchanga ndani ya mji.
Mwili ni mkaratusi, mbao moja nene ndefu karibu mita mbili, iliyoinuka kidogo mbele. Magurudumu ni mumba, mti mgumu. Watu wanauliza kwa nini mkaratusi usitumike kote. Mkaratusi una nguvu kwa urefu, lakini ukiukata mviringo unapasuka kufuata nyuzi zake mara tu ukikauka. Mumba nyuzi zake zimesukana, haupasuki upesi. Ukingo unavikwa mpira wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari. Kichwa cha msumari lazima kizame ndani ya mpira, kikibaki juu lava inakikwaruza na mpira unachomoka njiani. Katikati ya gurudumu unaweka rulema (beringi) kuukuu ya gari. Zamani ilikuwa tundu na mafuta tu, na sauti yake ulikuwa unaisikia kabla ya kuiona.
Fre (breki) ni kipande cha tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga. Hapo njo ajali nyingi zinatoka. Mvua ikinyesha, mpira juu ya mpira unateleza. Kwa hiyo dereva mwenye akili anaanza kukanyaga mapema, kidogo kidogo, juu kabisa ya kilima, hangojei mwendo ukue. Mzigo wa kilo 300 ukishika mwendo, mguu wa mtu hauusimamishi.
Kupakia: uzito ukae karibu na gurudumu la nyuma, theluthi mbili hivi. Ukiweka mbele, gidoni (usukani) inakuwa nzito na kona ya kwanza inakutupa. Ukiweka nyuma mno, mbele inanyanyuka kwenye kupanda.
Fundi mwenye mbao tayari anaimaliza kwa siku moja mpaka tatu. Ikitunzwa inafanya miaka miwili mpaka mitatu.

Kahembe Juu
Aksanti fundi. Lakini hoja ya mwanzo bado inalegalega. Chukudu imeonekana kwetu miaka ya 1970, wakati wa Zaïre, magari na petroli vilipokuwa shida. Je, kabla ya hapo Kibumba hawakulima? Barabara ya Goma–Rutshuru ilikuwapo. Malori yalipita. Mimi nasema barabara ndiyo mama, chukudu ni mtoto. Kijiji cha kando ya barabara kinakuwa soko, cha ndani kinabaki kijiji. Rusayo haina barabara kubwa ya kupita, inaishia kwenye lava. Jibu ndilo hilo.

MwanaBirere
Kahembe, kama ni barabara tu, mbona Rugari iko barabara ileile na haina jina kama la Kibumba huku Goma?

Kahembe Juu
Umbali. Rugari iko mbele zaidi kuelekea Rutshuru. Toka saa nane za usiku kutoka Kibumba, unafika soko linapofunguka. Ongeza kilometa kadhaa na mlima, umechelewa, na aliyechelewa sokoni anauza kwa bei ya jioni.

Mama Shu
Kwa hilo la saa, wanangu, mnazungumza bila kuigusa shu yenyewe.
Shu inakatwa jioni jua likishalegea, majani yakiwa makavu. Ikikatwa na umande na kufungwa palepale, asubuhi katikati imeanza kunuka. Unaacha majani matatu ao manne ya nje, hayo ni nguo yake ya safari, yanabanduliwa sokoni. Kitako kinatazama juu kwenye safu za chini, maana kitako ndicho kigumu. Safu ya juu inageuzwa. Vichwa 150 vya kilo mbili mbili ni kilo 300, hapo chukudu ya kawaida imeshiba. Mwenye tamaa anaweka 200, kamba ya mpira inazibana, na zile za katikati zinapasuka. Mama wa sokoni anagonga kwa kidole tu anajua, anakupa nusu ya bei.
Na usisahau wanawake wanaobeba mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Kabla chukudu haijazaliwa mzigo ulishuka hivyo, na mpaka leo kuna mama asiye na chukudu wala pesa ya kukodi. Historia ya Kibumba ikiandikwa kwa magurudumu peke yake, nusu ya watu wameachwa nje.

Fundi Mumba
Mama, umesema neno. Mersi.

Petit Majengo
Naomba kuuliza. Nasikia Kibumba hakuna mto hata mmoja, na mvua ni nyingi namna ile. Maji yanaenda wapi? Na watu wanakunywa nini?

Mwalimu wa Ramani
Yanazama. Lava changa ina nyufa na mapovu, ni kama chujio. Mvua kubwa inapiga saa nzima, na nusu saa baadaye njia imekauka. Maji yanasafiri chini ya mawe na kutoka mbali, upande huu chini kabisa kandokando ya ziwa, upande ule kwenye chemchemi za kuelekea Rutshuru.
Kwenye ramani Kibumba inasimama mahali pa pekee. Kabla ya volkano hizi kuinuka, maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Volkano zikaziba njia kama ukuta, Ziwa Kivu likajaa na kupata mlango wa kusini, Ruzizi, mpaka Tanganyika na mwishowe mto Kongo. Kwa hiyo tone linaloanguka upande wa kusini wa tandiko lile ni la Kongo, na linaloanguka upande wa kaskazini ni la Nile. Wakulima wa Kibumba wamekaa juu ya paa la mito miwili na wao wenyewe wana kiu.

Puaro
Ndiyo sababu pale mali ya kwanza ya nyumba ni tole (mabati) na ngazi ya maji (mfereji wa pembeni mwa paa), viti vinakuja baadaye. Tupige hesabu, inawasaidia wengi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 10 inatoa lita 480. Toa moja ya tano kwa yanayoruka, yanayovuja na yale ya mwanzo unayomwaga, unabaki na lita 384. Hizo ni bidoni 19 za lita 20. Watu watano wakitumia bidoni moja kila mmoja kwa siku, siku ya nne maji yameisha. Kwa hiyo paa si shida, shida ni pa kuyaweka. Tanki la lita 2,000 linawapeleka hao watano siku 20, na ukame mfupi wa Januari umevukwa.
Mambo mawili yanaharibu. La kwanza, ngazi isiyo na mteremko: iinamishe sentimeta moja kwa kila mita, zaidi ya hapo maji ya mvua kali yanaruka juu. La pili, kutomwaga maji ya dakika za kwanza, ambayo yameosha vumbi, kinyesi cha ndege na majivu ya mlima.

Kahembe Juu
Na moshi wa Nyiragongo? Tunaambiwa maji ya paa yana tindikali.

Mwalimu wa Ramani
Ndiyo, lakini angalia upepo. Mara nyingi unasukuma moshi kuelekea magharibi, kwa hiyo Rusayo na njia ya Sake ndizo zinazoumia zaidi: tole zinatoboka upesi, maharagwe yanaungua majani, na maji ya mvua yanabeba floridi inayotia meno madoa ya kahawia. Kibumba iko kaskazini-mashariki ya mlima, inapona siku nyingi. Si zote. Ukiona majani yana madoa ya kuungua asubuhi moja baada ya manyunyu, maji ya siku hiyo usiyaweke kwenye tanki la kunywa.
Hili linaongeza jibu la tano kwa MwanaBirere: huenda Kibumba ilishinda majirani kwa sababu moshi unaipita kando. Rusayo ina baridi na majivu, lakini inavutishwa moshi.

MwanaBirere
Hilo sikuwahi kulifikiria. Linagusa hoja yangu vibaya, lakini bado chukudu siiachi.

Yaya wa Katindo
Wakubwa, mbona hakuna anayetaja 1994? Julai ya mwaka ule wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa Kibumba, kambi kubwa sana, juu ya jiwe lisilo na maji. Kolera iliwamaliza watu. Magari ya tanki yalipanda kutoka Goma mchana na usiku. Makaburi hayakuchimbika kwa sababu ya lava. Kuni zilikatwa ndani ya hifadhi ya Virunga mpaka miinuko ikabaki wazi. Kambi ilivunjika Oktoba 1996 vita vilipoingia.
Kwa maoni yangu, miaka hiyo miwili ndiyo ilibadilisha ulimaji. Ghafla kulikuwa na mamia ya maelfu ya watu wa kununua chakula palepale, na magari ya kila aina yalipita. Waliolima maharagwe ya kula wakajifunza kulima vya kuuza.

Mama Shu
Dada, biashara ya shu ilikuwapo mbele ya kambi. Kambi iliikuza na pia iliiumiza. Kuni zilipoisha, mabanda yalikosa miti na upepo ukapata njia. Mashamba mengine yalikanyagwa mpaka yakawa kiwanja. Usiipe kambi sifa peke yake.

Yaya wa Katindo
Siipi sifa, mama. Nasema iliacha alama. Nakubali ya upepo.

Petit Majengo
Na jina Kibumba? Nimeambiwa ni kubumba, kufinyanga vyungu. Kwa Kinyarwanda ibumba ni udongo wa mfinyanzi.

Puaro
Maneno yanafanana, ni kweli. Lakini udongo wa mfinyanzi unatoka mabondeni penye maji yaliyosimama, na tumetoka kusema pale maji hayasimami. Majivu yale ukiyafinyanga yanavunjika mkononi.

Kahembe Juu
Jina linaweza kuja na watu kutoka mahali pengine. Ao lilikuwa la mtu. Tusijenge nyumba juu ya sauti ya neno.

Petit Majengo
Sawa Kahembe, nimesikia. Lakini sijaliacha.

Kahembe Juu
Narudi kwenye barabara, maana 2021 ilitupa jaribio. Lava ya tarehe 27 Mei ilikata RN2, barabara yetu ya Goma–Rutshuru, upande wa Kibati na Buhene. Udongo wa Kibumba ulibaki uleule, baridi ileile, chukudu zilezile. Na shu zilioza shambani. Nini kilikuwa kimekosekana? Barabara tu.

Mwalimu wa Ramani
Tarehe 22 Mei jioni ndipo lava ilitoka. Tarehe 27 ni siku watu wa sehemu kubwa ya Goma walipoamriwa kuhama, wengine Sake, wengine ng'ambo ya mpaka, wengine huko huko upande wa Rutshuru.

Kahembe Juu
Sahihi, nimechanganya. Hoja inabaki.

Fundi Mumba
Hoja haibaki yote. Kabla mashine hazijapasua njia, nani alivuka? Watu wa miguu, mzigo kichwani, juu ya lava ambayo juu imekauka na ndani bado inawaka. Na wako waliokufa pale kwa gesi. Halafu chukudu zikafuata kwenye njia nyembamba ambayo gari halipiti. Mpira wa gurudumu ulikuwa unaisha kwa safari chache, lava mpya ni kama msumeno. Lori lilingoja.

Yaya wa Katindo
Na mwisho wa 2022 vita vilipofika Kibumba, watu walishuka Kanyaruchinya na bidoni, godoro na watoto. Barabara ilikuwapo, chukudu zilikuwapo, ndizo zilizobeba vitu vya nyumba. Kilichobaki nyuma ni mbegu. Mtu akirudi shambani bila mbegu, hana Kibumba.

Puaro
Hapo dada amegusa mfupa. Viazi havipandwi kwa konzi kama maharagwe. Nafasi ya sentimeta 80 kwa 30 inataka mbegu karibu 41,700 kwa hekta. Mbegu ya gramu 50 kila moja, ni tani mbili na kidogo. Hata shamba la mita 20 kwa 20 linataka kilo 83. Aliyekimbia hawezi kubeba hizo, na aliyerudi anazinunua kwa bei ya msimu.
Mbaya zaidi ni mbegu ya sokoni. Inakuja na mnyauko wa bakteria, na mnyauko ukiingia shambani unakaa miaka. Kabla ya kununua mbegu kwa jirani, nenda shambani kwake mimea ikiwa mibichi. Ukiona mmoja umenyauka mchana na majani bado ni ya kijani, kata shina karibu na ardhi, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, shamba lote usilichukulie mbegu. Mildiu (baka jani) ni ugonjwa mwingine, huo unaanzia majani, unakuja na ukungu, na dawa inausaidia. Mnyauko hauna dawa. Unabadilisha mmea: mahindi, maharagwe, shu, misimu minne ikiwezekana. Nyanya na bilinganya hapana, ni ndugu wa kiazi na wanalisha ugonjwa uleule.
Mbegu safi itandaze safu mbili tu juu ya vichanja, penye mwanga lakini pasipo jua. Machipukizi yawe mafupi, manene, ya sentimeta moja ao mbili. Ukiifungia gizani inatoa nyuzi ndefu nyeupe zinazokatika kwenye gunia.

MwanaBirere
Misimu minne bila viazi, kwa familia yenye kipande kimoja?

Puaro
Ndiyo shida yenyewe. Vipande ni vidogo. Eneo la utawala la Nyiragongo, ambamo Kibumba imo, ni dogo kuliko yote ya Kivu Kaskazini, na mpaka wa hifadhi uko palepale, tangu 1925 ilipoitwa Albert. Hakuna pa kusogea. Ndiyo maana mimi, pamoja na kutetea udongo, naona ufinyu nao ulisukuma. Mwenye ardhi kubwa analima mtama na kulala. Mwenye mita 20 kwa 20 analima kitu cha kuuza kila miezi mitatu.

Mama Shu
Na nyati akitoka hifadhini usiku, hiyo miezi mitatu anaimaliza kwa saa moja. Andikeni na hilo.

Kahembe Juu
Tumefika majibu saba na hakuna lililokufa. Mimi bado niko barabarani.

Petit Majengo
Fundi, kabla uzi haujalala: gurudumu la mumba likipasuka karibu na rulema, linatengenezeka?

Fundi Mumba
Inategemea ufa unakoelekea. Ukizunguka kufuata rulema, likaze kwa utepe wa chuma kutoka kwenye pipa kuukuu, uuchome moto kwanza, uuvike ukiwa mwekundu, umwagie maji. Chuma kinajikunja na kubana mti. Usipige msumari kwenye ufa, msumari ni kabari, unaupanua. Ufa ukitoka kwenye rulema kwenda ukingoni, gurudumu hilo liwe la mzigo mwepesi ndani ya mji. Njia ya Kibumba usilipeleke, litafunguka Munigi kwenye mteremko na kilo 300 mgongoni.

Petit Majengo
Na mumba wenyewe siku hizi unapatikana wapi?

Fundi Mumba
Mbali kuliko zamani. Wengine wameanza kukata magurudumu kwenye mkaratusi wa zamani uliokaushwa kivulini miezi sita. Yanafanya mwaka.